Miguu Haisomi Jina la Kiatu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lau wangalikuwa hai leo, wakapita katika mitaa yetu siku ya Jumamosi, wangalilazimika kuongeza kwamba hata cha kale ni kinyemi, mradi kimetengenezwa upya na kutiwa katika sanduku jipya. Tazama miguu ya vijana, na ya wazazi wao pia, ndani ya matatu na kwenye foleni za benki. Utaona raba za mpira wa vikapu za mitindo ya miaka ya 1970 na 1980: ngozi nyeupe iliyotiwa nyekundu au nyeusi, shingo ndefu inayofunika vifundo vya miguu, na soli pana iliyo bapa kama kibao cha chapati.

Mpenzi msomaji, sina ugomvi na mtindo huo. Kila mtu ana haki ya kuvaa apendavyo, na raba hizi zinapendeza. Ugomvi wangu ni na imani inayouzwa pamoja nazo, kwamba kwa kuwa bingwa fulani alizivaa akaruka hadi kwenye kikapu, basi nawe ukizivaa miguu yako itakuwa salama utakaporuka.

Maoni yangu ni kwamba raba hizi ni za matembezi. Anayezinunua kwa matembezi huenda asijute. Anayezinunua ili achezee, au anayemnunulia mwanawe wa shule ili achezee, hana budi kuzikagua kwa makini, na mara nyingi jibu litakuwa la.

Zilikuwa bora katika siku zake

Ni haki kuanza kwa kuzisifu. Raba ya Converse All Star ilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka wa 1917. Ilikuwa turubai juu na mpira chini, basi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyovaliwa na wachezaji wengi mashuhuri wa mpira wa vikapu nchini humo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Adidas ikatoa Superstar, raba ya ngozi yenye kifuniko cha mpira juu ya vidole. Mwaka wa 1982 Nike ikatoa Air Force 1, raba yake ya kwanza ya mpira wa vikapu kutiwa mfuko wa hewa ndani ya soli. Mwaka wa 1985 ikafuata Air Jordan ya kwanza, iliyopewa jina la Michael Jordan wa timu ya Chicago Bulls.

Kila mojawapo ilikuwa hatua mbele katika wakati wake. Ngozi ilishika mguu vizuri kuliko turubai, na mfuko wa hewa ulipunguza kishindo cha kutua. Hata hivyo, mafundi hawakukomea hapo. Tangu miaka hiyo sponji ya soli imekuwa nyepesi zaidi, na sehemu ya juu ya raba nyingi za kuchezea hufumwa kwa nyuzi zinazopitisha hewa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba raba ya zamani inaporejeshwa sokoni, kinachorejeshwa ni sura yake. Kampuni huitengenezea mnunuzi anayetaka ifanane na ile ya kwanza. Haimtengenezei mchezaji anayetaka iwe bora kuliko ile ya kwanza. Ukiikata katikati utakuta, kwa sehemu kubwa, ufundi ule ule wa miaka 40 iliyopita.

Aliyezivaa mwenyewe zilimtoa damu

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Amtazame Jordan mwenyewe. Tarehe 8 Machi 1998, Chicago Bulls walicheza na New York Knicks katika ukumbi wa Madison Square Garden. Jordan aliamua kuvaa jozi ya raba zake za miaka ya mwanzo, zile za Air Jordan ya kwanza, kwa ajili ya kumbukumbu. Alifunga pointi 42 na timu yake ikashinda. Walioketi ukumbini na waliotazama kwenye televisheni waliona ushindi tu.

Yaliyokuwa ndani ya raba aliyasimulia baadaye katika filamu ya The Last Dance, iliyotolewa mwaka wa 2020. Alisema kwamba kufikia mapumziko miguu yake ilikuwa inavuja damu, na kwamba alipozivua baada ya mchezo, soksi yake ilikuwa imelowa damu. Huyo ndiye mtu ambaye raba hizo zilibeba jina lake. Hazikumwonea haya.

Isitoshe, mnamo Oktoba 1985 Jordan alivunjika mfupa wa mguu wa kushoto, akakosa mechi 64 za msimu huo. Sisemi kwamba kiatu ndicho kilichomvunja, kwa sababu mifupa ya wachezaji huvunjika kwa sababu nyingi. Nasema tu kwamba jina kubwa lililoandikwa kwenye kiatu halijapata kuwa dawa ya mfupa, hata kwa mwenye jina.

Miezi 3 ndani ya ngozi

Ili niyaandike haya kwa haki, nimevaa kwa miezi 3 jozi moja ya ngozi ya mtindo wa miaka ya 1980, ya shingo ndefu, mpya kutoka dukani. Kampuni yake siitaji, maana ninayoyasema yanazihusu raba za namna hiyo kwa jumla.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya malengelenge nyuma ya visigino. Ngozi ilikuwa ngumu, na shingo ya raba ilinikata kila niliposhuka ngazi. Kufikia wiki ya tatu ngozi ililainika ikafuata umbo la mguu, na tangu hapo sikuwa na malalamiko katika mwendo wa kawaida. Kusimama kwa muda mrefu kulikuwa rahisi kuliko nilivyotazamia, kwa sababu soli ni pana na haiyumbi. Watu wengine wanaonyanyua vyuma huchagua raba bapa za namna hii kwa sababu iyo hiyo.

Kuna sifa nyingine. Nyingi za raba hizi zina soli ya mpira iliyoshonwa kwa uzi kuzunguka kiatu, wala haikubandikwa kwa gundi peke yake. Fundi wa viatu wa mtaani anaweza kuishona upya uzi unapokatika. Kwa mtu anayetembea sana, hilo si jambo dogo.

Kisha nikazipeleka kwenye kiwanja cha saruji. Hapo mambo yalibadilika. Baada ya robo saa ya kukimbia huku na huku nilihisi uzito wake katika mashavu ya miguu. Kila nilipotua baada ya kuruka, kishindo kilipita kisiginoni hadi gotini. Vumbi lilipoingia katika mikato ya soli, raba iliteleza nilipogeuka ghafla. Joto nalo lilikuwa kali, na nilipozivua soksi zilikuwa zimelowa jasho.

Siku iliyofuata nilicheza muda uo huo kwenye kiwanja kicho hicho kwa raba za kawaida za kuchezea, za miaka ya karibuni, zisizo na jina la bingwa yeyote. Zilikuwa nyepesi, na magoti hayakulalamika. Jaribio la mtu mmoja si utafiti wa hospitali, lakini wewe pia unaweza kulifanya kwa jioni mbili tu, na mguu wako utakupa jibu lako.

Shingo ndefu si bandeji

Sababu inayotajwa zaidi na wanaotaka kuchezea raba hizi ni ile shingo ndefu. Wanasema inazuia kifundo kisiteguke. Wazazi wengi huamini hivyo, na wauzaji hawana haja ya kuwakanusha.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 1993 ulichapishwa utafiti uliofanywa nchini Marekani kwa wanafunzi 622 wa chuo waliokuwa wakicheza mpira wa vikapu. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walivaa raba za shingo ndefu, wengine za shingo fupi, na wengine za shingo ndefu zenye vyumba vya kujazwa hewa. Watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika kuteguka kwa vifundo.

Mwaka wa 2001 ukatolewa mwingine kutoka Australia. Huo uligundua kwamba mchezaji aliyewahi kuteguka kifundo alikuwa katika hatari ya kuumia tena karibu mara 5 kuliko asiyewahi. Waliovaa raba zenye mifuko ya hewa kisiginoni walikuwa katika hatari zaidi ya mara 4 kuliko wasiovaa. Wasionyoosha viungo kabla ya mchezo nao walikuwa katika hatari kubwa kuliko walionyoosha.

Utafiti mmoja haumalizi neno, na mifuko ya hewa ya leo si ile ya wakati ule. Hata hivyo, somo liko wazi. Kinachokilinda kifundo zaidi ni misuli na kano zilizozoezwa, na kupona sawasawa kabla ya kurudi mchezoni. Simama kwa mguu mmoja nusu dakika, kisha mwingine, kila siku unapopiga mswaki. Ukizoea, fanya hivyo macho yakiwa yamefumbwa, karibu na ukuta usije ukaanguka. Zoezi hilo halikugharimu hata senti. Mtu aliyewahi kuteguka vibaya amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye huenda akampa mshipi maalumu wa kuvaa kifundoni wakati wa mchezo.

Mpya wa kizamani na mzee halisi

Yafaa tutenge vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna raba mpya iliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani, na kuna raba iliyo ya zamani kweli, iliyokaa miaka 10 au 20 sandukuni au katika marobota ya mitumba. Hii ya pili ina hatari yake.

Soli ya kati ya raba nyingi hutengenezwa kwa sponji iitwayo poliyurethani. Sponji hii hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo huivunja polepole hata kama raba haikuvaliwa siku moja. Kwa nje raba huonekana nzima na kung'aa. Mtu anaivaa, anapiga hatua chache, na soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Gundi nayo hukauka na kuachia. Katika miji yenye joto na unyevu kama Mombasa na Malindi hali hiyo huharakishwa. Fikiria soli ikiachia wakati mchezaji yuko hewani.

Raba za mitumba zina jambo jingine la kiafya. Mtu wa kwanza ameziacha na umbo la mwendo wake, na pengine ameziacha na fangasi wa miguu. Anayenunua Gikomba, Toi, Kongowea au Kibuye atoe soli ya ndani aitupe, aweke mpya, aoshe ndani kwa sabuni na kuzikausha kabisa kabla ya kuzivaa. Kati ya vidole kukianza kuwasha na ngozi kubanduka, aende akatafute dawa mapema.

Namna ya kuikagua

Usione haya kuichukua raba mkononi na kuihoji. Pesa ni zako na miguu ni yako.

Kwanza, nenda kununua alasiri au jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Vaa soksi zile zile utakazozitumia. Pima miguu yote miwili, kisha ufuate ule mkubwa. Unaposimama, pawepo nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya raba. Namba isikudanganye: namba 42 ya Ulaya ni takriban 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani, na kampuni hutofautiana.

Pili, ikunje. Raba nzuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, mahali mguu wenyewe unapokunjika. Ikikunjika katikati, chini ya uvungu wa wayo, iache. Isipokunjika kabisa, iache pia.

Tatu, bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino. Iwe imara. Kisha bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mti, au ikiwa na nyufa ndogo na unga unaobaki kidoleni, imekwisha kazi yake.

Nne, kama si mpya, ziweke zote mbili juu ya meza uzitazame kwa nyuma. Zikiinama upande mmoja, zimekwisha kuchukua mwendo wa mtu mwingine. Tazama na mikato ya soli. Iliyolika ikawa laini hufaa barabara kavu, haifai kiwanja.

Tano, tembea nazo ndani ya duka au sokoni kwa dakika kadhaa, kisha uruke mara mbili tatu. Raba inayokubana leo kwa ahadi kwamba itapanuka kesho ni ya kumrudishia mwenyewe. Watafiti wengi wa viatu wanakubali kwamba raha ya mguu ni kipimo kizuri kuliko sifa zilizoandikwa sandukuni.

Wako wasiofaa kujaribu kabisa. Mwenye ugonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi asivae raba ngumu wala za mitumba bila ushauri wa kliniki yake, maana lengelenge asilolihisi laweza kugeuka kidonda kisichopona. Mwenye maumivu ya kisigino anapotia mguu chini asubuhi aepuke soli bapa zisizoinua wayo. Na mtoto anayekua apimwe mguu kila muhula, kwani raba iliyomfaa Januari huenda ikawa inambana Mei.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walicheza kwa raba za turubai za Bata kutoka Limuru, na wengine miguu mitupu, na hawakufa. Kweli hawakufa. Lakini tunaowasikia wakisimulia ni wale waliodumu mchezoni. Walioacha mapema kwa sababu ya magoti na vifundo hakuna aliyewahesabu.

Wengine watasema kwamba raba za kisasa ni ghali. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayonisukuma kuandika. Sisemi kwamba raba ya bei ya juu ni kinga, wala hakuna raba inayoweza kukuahidi hivyo. Nasema kwamba mara nyingi jina maarufu la zamani ndilo linalopandisha bei. Mzazi anayetoa maelfu ya shilingi kwa ajili ya jina angeweza kupata, kwa pesa hizo au pungufu, raba ya miaka ya karibuni isiyo na sifa mtaani lakini iliyo nyepesi na nzima, na akabakiwa na chenji ya kununulia soksi nzuri.

Hapa walimu wa michezo wana wajibu. Katika shule nyingi mwanafunzi ana jozi moja tu ya raba, na hiyo ndiyo ya kwenda mjini, ya kanisani au msikitini, na ya kiwanjani. Mwalimu akikagua raba za timu yake kabla ya mashindano kama anavyokagua mpira kama una upepo, ataepusha mengi. Na mchezaji akiteguka asiambiwe ajikaze. Akishindwa kupiga hatua 4, au akiumia anapoguswa mfupa wa kifundo, apelekwe hospitalini akapigwe picha.

Kwa hivyo, msomaji, zivae raba zako za kizamani uende nazo sokoni, harusini, na kutazama mechi pale Nyayo au Makande. Zipanguse zing'ae. Zikiwa zimekukaa vizuri, zitakufikisha uendako na kukurudisha. Lakini ukiwa miongoni mwa watakaoruka, zivue, uzifungie katika mkoba, uvae nyingine. Goti likiharibika halishonwi na fundi wa viatu.